Shati la Mtoto na Jirani wa Banda

Nyumba inayoishi kwa kazi za mikono haina saa ya kufunga duka. Mwenye duka la mchele akiteremsha mlango jioni, mchele hubaki huko huko. Sisi wa vikapu tunakula pembeni ya vikapu, tunalala pembeni ya vikapu, na maneno tuliyotupiwa mezani mchana tunaingia nayo ndani usiku. Kwa hiyo habari za jirani yetu wa banda la maonesho nazisimulia kama habari za nyumba yangu. Sokoni alitupunguzia wateja tu. Nyumbani nusura atugombanishe tusizikane.

Nyumba iko Mbagala. Humo tunaishi mimi na mume wangu, ambaye ni fundi umeme. Mama yake mzazi. Dada yake mdogo, yaani wifi yangu. Binti yetu wa kidato cha tatu. Na kitinda mimba wetu wa darasa la pili. Mama mkwe wangu alizaliwa Utete, Rufiji, akajifunza kusuka ukili kabla hajajua kusonga ugali. Yeye ndiye fundi mkuu. Anatia rangi, anapanga nakshi, anasuka, na anakagua kazi ya kila mtu. Mimi nashona na kushika daftari. Wifi ndiye muuzaji, maana ana sauti, ana bashasha, na haoni haya kumwita mtu asiyemjua.

Masika yaingia sebuleni

Kikapu cha kuuzwa mwezi wa saba huanza kuhangaikiwa mwezi wa tatu. Ukindu hutoka Rufiji kwa basi, umefungwa mizigo mizigo. Ni majani machanga ya mkindu, yale ya kileleni yanayokatwa kabla hayajafunguka. Huchanwa, huanikwa juani mpaka yapoteze ukijani na kuwa meupe, ndipo yatiwe rangi. Jua ndilo nusu ya kazi. Ukindu usiokauka vizuri hupata ukungu na madoa meusi, na ukishafika hapo hakuna sufuria itakayouokoa.

Mwaka ninaousimulia, masika yaligoma kuondoka. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika tukatoa ukindu uani, ikarudi tukaukimbiza ndani. Mwisho Mama akaamua uanikwe humo humo. Kamba zikafungwa kutoka dirisha la sebule hadi mlango wa koridoni. Chumba cha watoto kikawa ghala. Mume wangu akirudi kazini huinama kupita chini ya kamba, kisha hutafuta koleo na bisibisi zake katikati ya mafungu ya manjano na zambarau. Hakulalamika. Aliwasha pangaboi mchana kutwa ili hewa ipite kwenye ukindu, na bili ya umeme akailipa kimya.

Rangi huchemshwa uani kwa kuni. Nyeusi Mama huitengeneza kwa mizizi ya mdaa, alivyofundishwa na bibi yake. Nyekundu na zambarau hutoka kwenye rangi za unga za dukani. Ukindu hutumbukizwa maji yakichemka na kugeuzwa geuzwa mpaka uinywe rangi sawasawa, kisha hutolewa na kusuuzwa mara nyingi, mpaka maji ya mwisho yatoke safi. Mama haruhusu mtu mwingine aamue maji yamekuwa safi. Huyakinga kwenye bakuli jeupe, akayatazama mwenyewe.

Siku moja ya mwezi wa nne mvua ilitufukuza uani, tukaingiza jiko la mkaa koridoni na sufuria ya nyekundu juu yake. Pembeni palikuwa na beseni la mashati ya shule, yamefuliwa, yanangoja mvua ikatike yaanikwe. Kitinda mimba alipita mbio akimfukuza kuku aliyejificha ndani, mguu ukagusa jiko, sufuria ikalala. Mungu alimnusuru mtoto, tone halikumgusa. Rangi yote iliingia kwenye beseni.

Nilifua mashati yale kwa sabuni ya kipande na ya unga. Nikafua kwa ndimu na chumvi. Nikanunua dawa ya kutoa madoa. Nyekundu ikabaki nyekundu. Mashati mapya yalinunuliwa kwa pesa tuliyoitenga kwa nauli ya maonesho, na yale ya zamani yakawa ya kushindia. Msomaji ayakumbuke mashati hayo, kwa sababu moja lilikuja kufanya kazi kubwa.

Kamba iliyovuka mpaka

Maonesho ya Sabasaba hufanyika kila mwaka kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai, katika Uwanja wa Mwalimu J. K. Nyerere ulioko Barabara ya Kilwa. Kutoka kwetu ni barabara hiyo hiyo moja. Sisi tuliingia kupitia kikundi cha akina mama, tukapewa meza ndani ya jengo la wajasiriamali. Wauzaji wa vikapu tulikuwa wengi. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi mikononi mwa watu wa mjini, na wauzaji wameongezeka pamoja na wanunuzi. Palikuwa na vikapu vya milulu kutoka Iringa, vya mkonge, vya miyaa, na vya ukindu mfano wa vyetu.

Jirani yetu wa kushoto aliuza vya ukindu. Alikuwa mama wa rika langu. Siku ya kwanza tulimsalimia, tukamwomba tushirikiane ngazi ya kutundikia. Aliitikia salamu akiwa ametupa kisogo, na ngazi akamwambia kijana wake aifungie.

Kesho yake tulikuta amefunga kamba kutoka nguzo yake hadi nguzo ya mbele ya meza yetu, akatundika mikeka. Mtu akitokea njia kuu alimwona yeye peke yake. Wifi alimwendea kwa adabu: "Dada, samahani, mikeka yako imetufunika." Akajibiwa kwamba maonesho si sebuleni kwa mtu.

Mchana ukaja mtindo mwingine. Mteja akishika kikapu chetu na kuuliza bei, kabla wifi hajamaliza kutamka 30,000, sauti inatoka upande wa pili: "Mama, njoo hapa, 22,000." Mteja huweka kikapu chini na kuhama. Kufikia siku ya tatu bei peke yake haikumtosha. Akaanza kuwaambia watu, kwa sauti ya kutuhurumia, kwamba vikapu vyetu vinachuja: "Ukikilowesha tu, nguo zako zimekwisha."

Hapo ndipo pabaya. Anayeshusha bei yake anafanya biashara. Anayemwambia mteja kwamba rangi ya mwenzake inachuja, bila kuijaribu, anamla mwenzake. Mambo haya mawili yalikuja kwa mdomo mmoja na saa moja, nasi tukayapokea yakiwa fundo moja la uchungu. Fundo hilo tukapanda nalo daladala, tukashuka nalo Mbagala.

Usiku wa daftari

Usiku ule chakula kililiwa na mtoto mmoja tu. Wifi alitaka tushushe bei mpaka 20,000 asubuhi inayofuata, tumwonyeshe. Mume wangu, aliyekuwa hajawahi kupandisha sauti mbele ya mama yake, alisema atakwenda kuikata kamba ile kwa koleo. Binti yetu alikuwa amempiga picha jirani akiwa mdomo wazi, na tayari alishaandika maneno ya kuweka kwenye simu ili mtaa mzima usome. Mimi nilimwambia wifi kwamba anayetaka kuuza kwa 20,000 atoe pesa mfukoni mwake. Akanijibu kwamba mimi nimekaa nyuma ya daftari, sijui mtu anavyojisikia akinyang'anywa mteja mkononi. Mume wangu akamtetea dada yake. Nikanyamaza kwa hasira.

Katika nyumba yetu maneno hayo hayakuwahi kusemwa. Mwanamke asiyejua hata jina la mtaa wetu alikuwa ameingia ndani, akakaa katikati yetu.

Mama alikuwa anasuka. Hakuweka ukili chini. Alisema, "Mwanangu, lete hilo daftari. Someni hesabu kwa sauti, kila mtu asikie. Na wewe mjukuu wangu, futa hiyo picha. Aibu ya mtu haiuzi kikapu."

Nikasoma. Ukili wa kikapu kimoja, unaosukwa na ndugu na majirani tunaowapa kazi, shilingi 9,000. Rangi na kuni, 1,500. Mikono ya ngozi, ambayo hukatwa na fundi viatu wa mtaani, 6,000. Bitana ya kitenge na ushonaji, 4,000. Sehemu ya gharama ya meza, nauli na chakula, 3,500. Jumla 24,000. Tukiuza 30,000, tunabaki na 6,000, na humo ndimo mnamotoka jasho la Mama, langu na la wifi.

Wifi alikuwa akijua bei ya kuuzia, hakuwahi kusikia safari nzima ya pesa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe 20,000 ni kujichimbia." Tukakubaliana kwamba bei haigusiki. Mume wangu aliahidi koleo litabaki kwenye mkoba. Kuhusu kamba, nilipewa kazi hiyo mimi.

Asubuhi nilimfuata msimamizi wa jengo kabla wateja hawajaingia. Nilibeba karatasi ya kikundi yenye namba ya meza na vipimo vyake. Sikumtaja jirani kwa ubaya wala sikusimulia maneno yake. Nilimwomba tu atuonyeshe mipaka ya meza zote za mstari ule. Alikuja na futi, akapima kuanzia mwanzo wa safu, na kamba iliyovuka ikafunguliwa pamoja na nyingine mbili za watu wengine. Jirani hakupata mtu wa kugombana naye, kwa kuwa kipimo kilimgusa kila mmoja.

Tarehe saba

Siku yenyewe ya Sabasaba, tarehe 7 Julai, ni sikukuu. Ndiyo tarehe ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954, na kwa wakazi wa Dar es Salaam ni siku ya kwenda uwanjani na familia. Njia zilijaa tangu asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa, tukaenda na watoto. Mama pia alikuja, akaketi kwenye mkeka mbele ya meza akisuka, kwa sababu watu hupenda kuona mikono ikifanya kazi.

Kitinda mimba alikuwa amevaa shati la kushindia, lile lililoloa nyekundu kuanzia bega hadi kiunoni. Sikuliona. Niliondoka alfajiri na mizigo, yeye akaja baadaye na baba yake.

Adhuhuri, meza yetu ikiwa na watu wengi kuliko siku zote, jirani alimwona mtoto. Akapaza sauti: "Si niliwaambia vinachuja? Mtazameni mtoto wao mwenyewe! Shati zima limekuwa jekundu. Kama wameshindwa kumlinda mwana wao wa kumzaa, nyinyi wateja watawalinda?"

Watu waligeuka. Mama mmoja aliyekwisha kufungua pochi akaifunga. Mwanangu alijificha nyuma yangu, akaanza kulia, akivuta shati alivue. Wifi aliruka kutoka nyuma ya meza, na najua angesema maneno yasiyorudishika. Mama akamshika gauni.

Kisha akasimama. Mama si mrefu, na magoti yanamsumbua, kwa hiyo kusimama kwake kulichukua muda, na muda huo watu walinyamaza. "Njoo, mjukuu wangu," alisema. "Usilie. Simama hapa, wakuone vizuri."

Mtoto akasogea. Mama akalishika shati kwenye bega. "Jirani amesema kweli, hii ni rangi yetu. Ilimwagikia shati hili kutoka sufuriani ikiwa bado inachemka, mwezi wa nne. Mama yake huyu hapa. Amelifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa ya dukani. Masika yameisha, kipupwe kimeingia, na doa liko pale pale. Sasa niambieni, wanangu, rangi iliyokataa kutoka kwenye shati tangu mwezi wa nne, inachujaje?"

Hakungoja wajibu. Aliomba chupa ya maji, akakimwagia kikapu chekundu kuliko vyote vilivyokuwa mezani. Akaomba leso nyeupe, na mama yule aliyefunga pochi akatoa yake. Mama akamrudishia, akamwambia asugue mwenyewe, kwa nguvu anayotaka. Akasugua nje, akasugua ndani ya mshono, akaifunua leso mbele ya watu. Ilikuwa imeloa na kupata vumbi kidogo. Nyekundu haikuwemo.

Ndipo Mama akawaeleza habari ya bakuli jeupe na maji ya mwisho. Alieleza kwamba rangi inayochuja ni ile iliyobaki juu ya jani bila kuingia, na kwamba kusuuza ndiko kunakoiondoa hiyo kabla ukili haujasukwa. Alizungumza taratibu, akionyesha kwa vidole, na hakumtaja jirani tena. Wenye leso walitoa leso. Vikapu vyekundu viliisha kabla ya alasiri.

Nimefikiri sana kwa nini tendo lile lilifaulu pale ambapo kelele zingeshindwa. Mteja aliyesimama kati ya wauzaji wawili wanaorushiana maneno huwahofia wote wawili. Hajui nani mkweli, na hana sababu ya kutaka kujua; atakwenda kununua maji ya kunywa. Ila akipewa leso na kuambiwa sugua, ushahidi unakuwa wake. Uzushi kuhusu kazi ya mikono hujibiwa na kazi yenyewe, mchana, mbele ya yule yule aliyeambiwa uzushi.

Mkono wa nani?

Jioni watu walipopungua, Mama alijikongoja hadi meza ya jirani. "Mwanangu, naomba niitazame kazi," alisema. Jirani hakuweza kumkatalia mtu mzima. Mama akachukua kikapu kimoja, akakigeuza, akatazama ndani, mahali ambapo jani jipya huungwa kwenye suko la zamani. Akapitisha kidole. Akakirudisha, akashukuru, akarudi kuketi. Njia nzima ya kwenda nyumbani hakusema neno.

Tulipokwisha kula alituambia. Ukili ule ulisukwa na mpwa wake, binti wa mdogo wake, anayeishi Kongowe. Kila msukaji ana namna yake ya kuficha ncha ya jani, na ile alimfundisha yeye mwenyewe. Si hivyo tu. Nyekundu ile ilitoka kwenye sufuria yetu. Mwezi wa tano mpwa alileta ukindu wake, akamwomba mama yake mkubwa amtilie rangi, na Mama akautia akidhani ni wa mikeka ya nyumbani.

Kwa maneno mengine, jirani alikuwa akiitukana rangi ambayo yeye mwenyewe anaiuza.

Wifi alipiga makofi. Alitaka kesho yake jambo hilo litangazwe jengo zima. Mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu maonesho yaanze, alicheka. Mama hakucheka. "Mkimtangaza yeye," alisema, "mtakuwa mmemtangaza mwanangu wa Kongowe. Watu watauliza nani aliyetoa siri ya nyumba, na jina litakalotajwa ni la damu yetu. Mniletee yeye kwanza."

Mpwa alikuja Jumapili. Aliamkia, akaketi kwenye mkeka, na hakukana. Alichosema nakiandika jinsi nilivyokisikia, kwa kuwa ndicho kilichobadilisha biashara yetu: "Mama mkubwa, nyinyi mnachukua kazi yangu kwa mali kauli. Nasuka mwezi wa tano, nalipwa mwezi wa saba ukiisha. Mwanangu anadaiwa michango shuleni, mwenye nyumba anagonga mlango. Yule mama alinipa 8,000 mkononi siku ile ile, rangi ikiwemo. Sikuuza kwa sababu nawachukia. Niliuza kwa sababu alikuwa na pesa."

Sebule ilikaa kimya. Mali kauli ni desturi kongwe ya biashara za mikono: chukua mali leo, lipa ukiuza. Inawawezesha wasio na mtaji kuanza. Lakini mzigo wote wa kungoja hubebwa na aliye chini kabisa, yaani msukaji.

Nilifungua daftari nikapiga hesabu za jirani kwa bei alizotutajia mpwa na kwa nilichokiona mezani kwake. Ukili na rangi 8,000. Mikono ya ngozi bandia, kama 2,000. Ushonaji bila bitana, tuseme 2,000. Gharama za meza na nauli, tuzifanye sawa na zetu, 3,500. Jumla 15,500. Akiuza 22,000 anabaki na 6,500. Usiku kadhaa tulikuwa tumelala tukiamini kwamba anauza kwa hasara ili atufukarishe. Kumbe alikuwa anauza kikapu chepesi kuliko chetu, kwa faida inayokaribiana na yetu, na alimwahi msukaji wetu kwa kumlipa mapema. Matusi yake yalikuwa ubaya. Bei yake ilikuwa biashara halali.

Kutenganisha mambo hayo kuliituliza nyumba kuliko mauzo ya tarehe saba. Hasira iliyokuwa kubwa ikapungua ikabaki ya saizi yake.

Tulichoamua

Tulikaa kikao siku ile ile, mpwa akiwemo. Wifi alipendekeza tukasajili nakshi ya Mama ili mtu yeyote asiisuke tena. Mume wangu alikwenda kuuliza kwa mtu anayejua sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za sanaa za mikono, na jina na alama ya biashara husajiliwa BRELA. Mama aliposikia alisema nakshi ile alifunzwa na bibi yake, aliyefunzwa na wanawake wengine wa Rufiji, na hawezi kuandikisha kwa jina lake kitu cha watu wote wa mtoni. Tukaona ana haki. Kilicho chetu ni jina letu na namna tunavyokimaliza kikapu. Sasa kila kikapu kina lebo ya kitambaa iliyoshonwa ndani ya bitana, yenye jina la kikundi na jina la aliyekisuka. Mteja akitaka kujua kitu chake kimetoka mkono wa nani, anaona.

La pili ni malipo. Tulikopa kwenye kikoba, na tangu hapo msukaji hupokea nusu ya pesa yake anapochukua ukindu, na nusu anaporudisha ukili. Riba ya kikoba inaongeza kama 500 kwa kila kikapu, tukaikata kwenye faida yetu. Mpwa ana uhuru wa kumsukia yeyote, jirani akiwemo, kwa ukindu wake na rangi yake. Wa sufuria ya Mama unabaki kwetu. Alikubali, na tangu siku hiyo hajachelewesha kazi.

La tatu ni la nyumba. Habari za banda huzungumzwa daftari likiwa wazi, na likifungwa zimekwisha. Mume wangu aliniomba radhi kwa maneno ya usiku ule, mimi na wifi tukaombana. Wifi sasa anasoma hesabu kabla hajaenda kuuza, na nimeona anavyosimama tofauti mbele ya mteja anayelia bei. Hamchukii. Anamfungulia bitana, anamwonyesha ngozi, anamtajia jina la msukaji, na akishindwa anamwelekeza kwa wanaouza rahisi.

Hatukugeuka marafiki na jirani yule. Tulikutana naye tena maonesho yaliyofuata, safu nyingine. Nilimsalimia, akaitikia kwa ufupi, kila mmoja akaendelea na kazi yake. Sioni kwamba maonesho yanadai upendo. Yanadai mpaka wa meza uheshimiwe, na kazi ya mtu isisingiziwe.

Ninawaandikia hasa akina mama na akina baba wanaobeba kazi za mikono yao kwenda Sabasaba, Nanenane, maonesho ya SIDO na minada ya wilayani. Mtakutana na mtu wa namna hii. Kabla hamjamjibu, tenganisheni alichofanya. Akishusha bei, pigeni hesabu zenu na zake mjue kilichopo. Akivuka mpaka, tafuteni mwenye futi. Akisingizia kazi yenu, mpeni mteja aijaribu kwa mkono wake. Akiwachukulia msukaji, muulizeni msukaji alikosa nini kwenu, mkamlipe. Na likibaki lolote baada ya hapo, lisiingie kwenye sahani za watoto wenu.

Kikapu chetu bado kinauzwa 30,000, na aliyekisuka huwa ameshalipwa shilingi yake ya mwisho kabla hakijapanda daladala.